Fikra tunduizi katika mafunzo ya ualimu: je, kozi mpya inahitajika?

SWALI: Ninafundisha pedagojia katika shule ya sekondari ya ualimu hapa Goma. Wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho huandika kwenye fishi ya matayarisho (karatasi ya maandalizi ya somo) kwamba somo linakusudia kukuza fikra tunduizi, yaani uwezo wa kupima dai kwa ushahidi kabla ya kulikubali, lakini wakifika kwenye staji, yaani mazoezi ya kufundisha, huuliza maswali ambayo majibu yake yameandikwa ubaoni. Je, niombe saa za kozi maalumu?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, mimi nisingeiomba. Mwanafunzi anaweza kukariri aina zote za hoja potofu, akazitaja kwenye mtihani, na kesho yake akaingia darasa la tano akafundisha vilevile alivyofundishwa yeye. Saa unazozitafuta unazo tayari, nazo ni zile za kritiki ya somo, yaani majadiliano ya kulitathmini somo baada ya kufundishwa, ambazo mara nyingi huishia kwenye mwandiko, sauti na matumizi ya muda.

Chukua somo la volkeno. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, wengi mjini walihofu kwamba Ziwa Kivu nalo litalipuka. Badala ya kuuliza mlipuko ulitokea lini, mwanafunzi wa staji aliandike dai hilo ubaoni, kisha awaulize watoto msemaji alijuaje, na ni ushahidi gani ungetufanya tulikubali au tulikatae. Huenda mmoja akajibu kwamba mwaka 2002 lava iliingia ziwani na ziwa halikulipuka, kwa hiyo hatari haipo. Hapo ndipo mwalimu anapopimwa, kwa sababu akisema “vizuri sana” na kuendelea, atakuwa amepokea tukio moja kama uthibitisho. Kaboni dioksidi na methani zimeyeyuka kwa wingi katika maji ya kina kirefu, chini ya pale lava ile ilipofika. Tena Ziwa Nyos la Kamerun lilitoa kaboni dioksidi mwaka 1986 na kuua watu wapatao 1,700, kwa hiyo hofu ile haikuwa upuuzi, ingawa walioieneza hawakuwa na ushahidi wa kutosha. Asiyejua mambo haya hawezi kumuuliza mtoto swali la pili, hata awe hodari wa mbinu kiasi gani.

Wakati wa somo, mpe mwanafunzi mmoja kazi ya kunakili kila swali neno kwa neno na kuandika kando yake kama jibu lilikuwa ubaoni. Kritiki ianze na karatasi hiyo. Apime pia muda wa kusubiri: katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alionyesha kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu hurefuka na kubeba sababu. Katika madarasa yetu, yaliyofurika hasa baada ya elimu ya msingi kuwa bure mwaka 2019, watoto wajadiliane kwanza na jirani wa dawati, kwa Kiswahili, kwa kuwa anayehangaika kutafuta neno la Kifaransa hapati nafasi ya kutafuta sababu.

Madai ya vita na siasa yasubiri. Mwanafunzi wa staji hana wa kumkinga mzazi akija juu. Mwisho, punguza alama za unadhifu wa fishi na uziweke kwenye swali la pili, lile linalofuata jibu la mtoto, kwani wanafunzi wako hujitayarisha kwa kile unachokipa alama.