Mfenesi katika Ua wa Nairobi: Utambue Kabla ya Kuupanda

Anayetaka kupanda mfenesi jijini Nairobi hana budi kwanza kuhakikisha kwamba mche anaouziwa ni mfenesi kweli wala si mshelisheli. Miti hii miwili ni ya jamii moja na yote hutoa utomvu mweupe unaonata, lakini mshelisheli ni mti wa joto la pwani, hauiwezi baridi yetu ya Julai.

Jani la mfenesi uliokomaa ni zima, gumu na lenye kung'aa, ilhali la mshelisheli ni kubwa zaidi na limechanika pembeni kwa mapengo marefu. Hata hivyo, mfenesi mchanga nao huweza kutoa majani yenye mapengo, kwa hiyo jani peke yake silitegemei. Mimi hufukua udongo kidogo shinani kwa kidole, na nikikuta kokwa bado limeshikamana na mche huwa nimeridhika, kwa kuwa mashelisheli mengi hayana mbegu na huzalishwa kwa machipukizi ya mizizi.

Iliyo bora zaidi ni kupanda kokwa mwenyewe, kutoka kwa fenesi ulilolila na kulipenda, ingawa mti wa mbegu haufuati mama yake kwa kila jambo. Yaoshe makokwa utelezi uishe, kisha uyapande upesi, kwa maana mbegu hii ni mbegu ya msituni: ikianikwa juani ikakauka, imekufa. Tumia chombo chenye kina, kwa sababu mzizi mkuu hushuka haraka na haupendi kusumbuliwa, na uuhamishe mche ukiwa bado mdogo, mvua za masika zinapoanza.

Suala la mahali ndilo linalohitaji fikra nyingi zaidi. Upande wa magharibi wa jiji, kama Dagoretti, tuna udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri, lakini baridi ni kali; kuelekea Embakasi kuna joto zaidi, lakini udongo mweusi hutuamisha maji, na mizizi ya mfenesi ikikaa majini huoza. Mwenye udongo mweusi na ainue tuta pana lenye mboji, apande juu yake. Mwenye baridi na apande upande wa kaskazini wa nyumba, mita kadhaa kutoka ukutani, kwa kuwa mwezi wa Juni na Julai jua letu hupita kaskazini, na upande wa kusini hubaki kivulini. Hata hapo mti utakua polepole kuliko ndugu zake wa Uganda, na kungoja miaka mingi ni jambo la kawaida.

Utakapochanua, usishtuke ukiona vifenesi vidogo vikigeuka vyeusi, vikiota ukungu na kuanguka. Wengi huvidhania ugonjwa wakakimbilia dawa, kumbe mara nyingi hayo ni mashada ya maua ya kiume ambayo yamekwisha kazi yake. Ya kike hutokea kwenye mti huohuo, hasa shinani na katika matawi makubwa, na kikonyo chake ni kinene zaidi. Katika mavuno ya kwanza, punguza matunda machanga yaliyosongamana, na kabla ya kuyakata paka mafuta ya kupikia mikononi na kisuni, kwa sababu ulimbo wa fenesi hautoki kwa maji.