Re: Kuchora tu kunaweza kukulisha?

Mkuu umeuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kuchora bila kuajiriwa na aanzie wapi. Inawezekana, ila usitegemee mlango mmoja. Mimi hela ya haraka naipata kwenye oda za watu, picha za wapenzi, kava za vitabu, katuni za biashara, na sheria yangu ni nusu ya malipo kabla sijashika penseli na marekebisho mawili tu, la tatu unalipia, maana bila hivyo mteja atakuzungusha mpaka uichukie kazi yenyewe.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui, kumchorea mtu sio lazima umuuzie haki zote. Unampa leseni, mfano atumie kwenye kava ya kitabu kwa miaka 2, akitaka kuiweka kwenye fulana anaongeza hela. Iandikeni hata kwa imeili tu. Hapa ndo pesa ilipo aisee, mchoro mmoja unaweza kukulipa mara tatu.

Printi, yaani nakala za mchoro unazochapa na kuuza, nazo zinatoka, ila faili iwe dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) kwa saizi ile ile ya kuchapa, sio kale kapicha ka Instagram. Patreon, ule mtandao ambao mashabiki wanakuchangia kila mwezi, ni poa ukishakuwa na watu wako wanaokufuatilia. Kickstarter, mtandao wa kuchangisha hela za mradi mmoja, nzuri ukiwa na kitabu chako, wanakata 5% na makato ya malipo juu yake, ila usipofikisha lengo hupati hata senti, so piga hesabu ya uchapaji na usafirishaji kwanza.

Yale maduka ya mtandaoni yanayochapa mchoro wako mteja akiagiza, mimi binafsi sijayaelewa, faida kiduchu mno.

We unachora kwa mkono au kwenye tableti?