Kama Mungu ni wa huruma, damu ya nini? Maswali yenu na majibu

Safari hii mmenibana kwelikweli, karibu wote mmeuliza kuhusu msalaba na kuokoka, nimefupisha baadhi ya maswali mnisamehe.

Kwa nini Mungu asiseme tu "nimesamehe" yakaisha? Mpaka mtu afe?

Hili ndo swali lenyewe. Fikiria umemkopesha mtu hela, kashindwa kulipa, ukamwambia basi achana nayo. Lile deni halijapotea, limehamia kwako, wewe ndo umeumia. Kwenye ule mfano wa Mathayo 18 mtumwa anadaiwa talanta 10,000, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, dinari moja ndo kibarua cha siku, piga hesabu unapata kazi ya miaka zaidi ya 160,000, halafu bwana wake anafuta yote, sasa hiyo hasara kaila nani kama sio huyo bwana? Ndo Wakristo wanachosema kuhusu msalaba, kwamba Mungu mwenyewe kaila hasara. Sio kwamba kulikuwa na Mungu mkali huku anatafuta wa kumchinja na Yesu mpole kule akajitolea, maana Paulo anasema "Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake" (2 Wakorintho 5:19). Ila imefanyikaje haswa, hapo hawajawahi kukubaliana. Wa zamani kama Ireneo, askofu wa karne ya pili, waliona zaidi ushindi juu ya shetani na mauti, Anselm, askofu na mwanateolojia, miaka ya 1090 akaja na habari ya heshima ya Mungu inayotaka fidia, Calvin, yule mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, akaipeleka mahakamani kabisa, hukumu na adhabu. Mi binafsi ile ya deni ndo inaniingia, ila najua nayo ina mwisho wake.

Wale mbuzi wa Agano la Kale waliondoa dhambi kweli?

Waebrania 10:1-4 inasema haiwezekani, ilikuwa kivuli cha kitakachokuja. Lakini kuna kitu watu wanakiruka, Walawi 5:11, maskini asiyeweza hata njiwa wawili analeta unga, sehemu ya kumi ya efa (kipimo chao cha nafaka), na anasamehewa vizuri tu. Unga jamani! Ndo maana hata Waebrania 9:22 kabla ya kusema "pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo" inaanza na "karibu vitu vyote". Hiyo "karibu" wahubiri wengi wanaimeza.

Tunaokolewa kwa imani au matendo?

Kwa neema, kwa njia ya imani, Waefeso 2:8, ila usifunge Biblia kabla ya mstari wa 10, unaosema tuliumbwa tutende matendo mema. Wakatoliki na Walutheri waligombana karne nyingi kwa hili, na tarehe 31 Oktoba 1999 wakasaini tamko la pamoja kule Augsburg, Ujerumani, kwamba ni kwa neema.

Niliokoka, nikaanguka. Naanza upya?

Sisi tumezoea "nimeokoka" kama kitu kilichokwisha siku fulani saa fulani. Paulo anatumia nyakati zote tatu, mmeokolewa (Waefeso 2:8), tunaookolewa (1 Wakorintho 1:18), tutaokolewa (Warumi 5:9). Kama wokovu unaweza kupotea kabisa au la, Wakalvini na Wamethodisti wanavutana mpaka leo, siwezi kuwaamulia hapa. Kuanguka ni kitu kimoja, kugoma kuinuka ni kingine, we inuka.

Naogopa nimetenda ile dhambi isiyosameheka, silali.

Soma Marko 3:22-30 polepole. Wale waandishi, walimu wa sheria, waliona kazi ya Roho kwa macho yao wakasema ni ya Beelzebuli, mkuu wa pepo, na hawakuwa wanakosa usingizi. Mtu aliyeufunga moyo hivyo haandiki kuuliza. Ila kama hofu inakula usingizi wako kila siku nenda pia kwa daktari, sio kila kitu ni pepo.

Mtu kanidhulumu hela, sasa kaokoka anasema Mungu kashamsamehe na mimi nisimdai. Ni sawa?

Sio sawa. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani kwake kitu cha kwanza aliongelea hela, nusu ya mali kwa maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne (Luka 19:8), na ni hapo ndo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii. Wewe ukitaka kumsamehe deni ni hiari yako, hasara unaibeba wewe, kama nilivyosema pale juu, lakini yeye hana ruhusa ya kukusamehea. Mdai, kwa upole, ila mdai.