Chaja ndani ya ndoo ya unga

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mhadhiri wa sheria hapa Mwanza, nina miaka 43, naishi Buhongwa na mke wangu, ambaye ni muuguzi, na watoto wetu watatu. Kazi zimenizidi: nina madarasa manne, mitihani 380 ya kusahihisha, makala za kuandika ili nipande cheo, na kesi mbili tatu za uwakili. Mke wangu hanielewi. Amehamia chumba cha watoto. Mwezi uliopita nilipumzika kidogo sakafuni wakati wa kipindi, naye akaenda kumweleza mkuu wangu wa idara bila kuniambia. Amempigia hata mama yangu, Sengerema. Wiki hii ameficha chaja ya kompyuta yangu ndani ya ndoo ya unga. Nyumba nimeijenga kwa mshahara wangu. Nataka arudi kwao kwa muda akajifunze heshima. Je, nakosea?

Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Mitihani ya sheria haisahihishwi kwa kuweka vema na mkasi. Kila kijana anakujazia kurasa za hoja, na inakubidi umfuate hadi ujue alipopotea. Mara 380. Pole hiyo inatoka moyoni, na inaishia hapo.

Unakosea, tena sana.

"Nilipumzika kidogo sakafuni wakati wa kipindi." Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa lililojaa hapumziki sakafuni. Ulianguka. Chaja umeipa mistari, nyumba umeipa mstari, lakini kuanguka kwako umekupitia juu juu kama mtu anayeruka dimbwi. Mke wako ni muuguzi, wewe umeanguka kazini, na barua nzima haina neno presha, haina kipimo, haina daktari. Ama hujapimwa, ama umepimwa na majibu hutaki niyajue. Nahisi ni hilo la pili, na mkeo anayajua. Mficha maradhi kilio humfichua.

Kuhusu kuhama chumba, barua yako imenifikia saa tisa na dakika kumi na saba usiku. Muuguzi mwenye zamu ya asubuhi anaamka saa kumi na moja awaandae watoto watatu. Ulitaka alale saa ngapi, na taa yako inawaka?

Vijana wako unawafundisha kwamba mtu hahukumiwi bila kusikilizwa. Mimi sijamsikia mkeo hata neno moja, lakini ushahidi ulioleta wewe mwenyewe unamtetea. Hapo kwa mkuu wa idara ndipo ninapomlaumu kidogo, angekuambia kwanza. Ila huenda alikuambia mara saba ukamwitikia "mmh" macho yakiwa kwenye skrini. Na mama yako alipigiwa kwa sababu pengine ndiye mtu pekee ambaye simu yake bado unaipokea.

Hiyo ndoo ya unga nimeifikiria sana. Mwanamke aliyechoka na mume angeitupa chaja jalalani, au angeipeleka kazini kwake ukaitafute hadi uchoke. Yeye ameiweka kwenye ndoo anayoifunua kila jioni akitaka kusonga ugali, mahali ambapo angeigusa kwa mkono wake kabla yako. Alijua ili uipate itabidi uingie jikoni, na yeye yupo pale. Wewe umeona dharau. Mimi nimeona mtu aliyekosa njia nyingine ya kukuita.

Kuhusu nyumba, umenihuzunisha. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kile cha kugawana mali ya ndoa, unakijua kuliko mimi. Kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983 unaijua, Mahakama ya Rufani ilipokubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Wako anafanya kazi hizo na mshahara analeta. Ulipokuwa unanunua tofali na mabati, mchele na ada za watoto vilitoka wapi? Na ukimrudisha kwao, kisha mambo yakaharibika hadi talaka, sharti mpite kwanza baraza la usuluhishi. Utakaa kwenye benchi pale, wazee watakuuliza kosa lake. Utawajibu nini? Kwamba alikuzuia usianguke tena?

Ndoa nyingi za siku hizi naziona zinakufa hivi hivi, bila ugomvi na bila hawara. Mume yupo nyumbani, mwili uko kwenye kochi, lakini kazi imempokonya vingine vyote. Zamani kazi ilikuwa na mlango, ukitoka umetoka. Sasa inakufuata mfukoni hadi kitandani, na mtu anajisifu kwamba halali, kana kwamba kutolala ni shahada. Nimekulia Kirumba, hapo hapo Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Wavuvi wa dagaa wana shida kuliko wewe, wana madeni ya injini na nyavu, na usiku wa giza wanakesha ziwani na taa zao. Lakini mbalamwezi ikikomaa, dagaa hawaifuati taa, basi mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, na baba anakula na wanawe siku kadhaa mfululizo. Wewe ni msomi, na huna mbalamwezi hata moja kwa mwaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imekupa saa 45 za kazi kwa wiki na likizo ya siku 28. Likizo yako ya mwisho ulisahihishia wapi?

Mwandikie mkuu wako wa idara, kwa maandishi, kwamba mitihani 380 haibebwi na mtu mmoja aliyeanguka darasani. Mkeo ameshakufungulia mlango huo, pita. Kesi za uwakili mkabidhi mwenzako mwenye nafasi, wateja usiwaache njiani. Makala moja iahirishe, cheo kitangoja.

Lakini kabla ya hayo yote, leo jioni rudi mapema, ingia jikoni, kaa kwenye kigoda mwenzio akisonga ugali, umwambie lile uliloniambia mimi kwa nusu mstari. Sema "nilianguka", kwa neno lake. Omba radhi kwa habari ya kwao na ya nyumba, hata kama hukumtamkia, maana mwanamke husikia. Chaja mkabidhi mkononi, mpange saa ya kuizima kompyuta, na saa hiyo aishike yeye.

Jumatatu mwende wote wawili kliniki, yeye akae nawe ndani kwa daktari, asiachwe nje kwenye benchi. Majibu yakitoka niandikie, mwanangu. Uniandikie mchana.