Kuifufua mwenyewe pikipiki ya baba, Honda CG125

Ndugu, umeuliza kama uikarabati mwenyewe pikipiki ya Honda CG125 aliyoiacha marehemu baba yako au umkabidhi fundi. Ifanye mwenyewe, kwa sababu injini hiyo, iliyoingia sokoni mwaka 1976, husukuma vali (vilango vya kuingiza mchanganyiko wa petroli na hewa na kutoa moshi) kwa fito badala ya cheni ya taimingi, na hivyo kichwa cha silinda hufunguliwa bila usumbufu mkubwa. Anza na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa: petroli iliyolala muda mrefu huacha utando unaonata katika tundu la jeti (kipande kidogo cha kupitishia petroli), ambalo hupaswi kulichokonoa kwa waya. Utakapopiga kiki injini ikashika, ukijua kila nati uliikaza wewe, utapata raha ambayo hakuna fundi awezaye kukuuzia. Kuchonga silinda tu ndiko umwachie mwenye mashine.