Maswali Yenu Kuhusu Siku ya Mechi: Getini, Chooni na Safari ya Kutoka Mwanza

AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Tanzania na Uganda, na barua nyingi nilizopokea hazihusu kikosi wala kocha. Zinahusu shabiki anavyopokelewa uwanjani. Nimechagua tano.

Tiketi ninayo kwenye N-Card, kadi ya kielektroniki ya kuingilia uwanjani, na nimewahi, lakini bao la kwanza nalisikia nikiwa bado getini. Tatizo ni nini? (Shabiki wa mzunguko, Mbagala)

Tupige hesabu. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Mwongozo wa usalama viwanjani unaotumika Uingereza unataka mlango mmoja wa kuzunguka ukadiriwe kupitisha watu wasiozidi 660 kwa saa. Kwa hiyo, kuwaingiza watu 60,000 ndani ya saa moja kunahitaji milango 91. Ikifanya kazi 30 tu, ni saa tatu. Hapo sijahesabu kadi inayogoma kusomeka, mtandao unaokatika, na mkaguzi anayepekua mikoba palepale penye mashine.

Ndiyo maana ukaguzi unapaswa kuanzia mbali na geti. Asiye na tiketi aishie kwenye kizuizi cha nje, na mwenye kadi yenye shida apelekwe dirisha la pembeni ili wa nyuma yake wapite. Tiketi nayo iseme wazi unaingilia geti gani. Halafu watu wapewe sababu ya kuwahi. Simba Day na Siku ya Mwananchi, sherehe za Simba na Yanga za kufungua msimu, uwanja huanza kujaa mapema sana kwa sababu kuna wasanii na utambulisho wa wachezaji. Kwenye mechi ya kawaida hakuna cha kumvuta mtu, basi wote wanatokea saa ya mwisho.

Nalisisitiza hili kuliko mengine yote kwa sababu linaua. Tarehe 28 Mei 2023, kabla ya Yanga kucheza na USM Alger fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho, shabiki mmoja alipoteza maisha kwenye msongamano hapo hapo kwa Mkapa. Mwaka mmoja na ushei kabla ya hapo, 24 Januari 2022, watu 8 walikufa kwenye uwanja wa Olembe, Yaoundé, Cameroon, kwenye geti lililotakiwa kuwa wazi lakini likakutwa limefungwa. Aliye nyuma haoni kinachotokea mbele. Anasukuma akidhani foleni inatembea, na aliyebanwa kwenye nondo hana pumzi ya kupiga kelele. Vipaza sauti viwekwe nje ya geti pia, si ndani tu, na awepo mtu mwenye mamlaka ya kuchelewesha mechi kwa nusu saa watu waingie salama.

Wanangu wawili wanaililia Simba kila wiki, lakini nasita kuwapeleka. Nifanyeje? (Mama, Tandika)

Dada yangu, anza na mechi isiyo ya watani wa jadi, ya jioni, na mwingie mapema. Mwandikie kila mtoto namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino mzito, na mkishakaa waonyeshe mahali pa kukutana mkipotezana.

Lakini kusita kwako kuna msingi. Mapumziko ni dakika 15. Mama mwenye mtoto wa miaka mitano akikuta foleni ndefu, bomba halitoi maji na mlango hauna komeo, hatarudi tena, hata timu icheze vizuri namna gani. Klabu zinazotaka familia zianze na choo: mhudumu awepo muda wote wa mechi, si usafi wa asubuhi tu, na matangi yajazwe kabla ya mageti kufunguliwa. Ziongeze geti la familia lenye wakaguzi wa kike. Haya ni ya gharama ndogo kuliko kusajili mchezaji mmoja, na yataleta mashabiki wa miaka 50 ijayo.

Kwa nini wananinyang'anya chupa ya maji? (Mwanafunzi, Chang'ombe)

Chupa iliyojaa ikirushwa inaumiza, na klabu hupigwa faini. Sababu inaeleweka. Ila anayekuzuia kuingia na maji kwenye joto la Dar saa kumi alasiri anawajibika kukupatia mengine: mabomba ya kunywa, au maji yanayomiminwa kwenye kikombe kwa bei ile ile ya dukani.

Nilipanda basi kutoka Mwanza kwa ajili ya dabi, ikaahirishwa siku ileile. Nani ananifidia? (Shabiki, Ilemela)

Pole sana, ndugu yangu. Maumivu haya yamejirudia. Tarehe 8 Mei 2021 muda wa Dabi ya Kariakoo, yaani Simba na Yanga, ulisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, Yanga wakakataa, na mechi haikuchezwa. Tarehe 8 Machi 2025 dabi ikaahirishwa tena siku ya mechi, ikaja kuchezwa 25 Juni.

Tunza tiketi na risiti zako. Ila ninachodai ni kanuni iliyoandikwa kabla tiketi hazijauzwa: mechi isipochezwa, fedha irudi kwenye kadi au simu ndani ya siku zilizotajwa, bila mtu kuomba. Nauli na nyumba ya wageni havirudi, kwa hiyo mabishano ya viongozi yamalizwe kabla basi la Mwanza halijaondoka.

Natumia kiti cha magurudumu. Niulize nini kabla ya kununua tiketi? (Msomaji, Morogoro)

Uliza mambo matatu: gari litanishusha umbali gani kutoka getini, msindikizaji wangu atakaa pembeni yangu au atapelekwa jukwaa jingine, na je, waliokaa mbele yangu wakisimama kushangilia bao, bado nitaliona goli? Hilo la tatu ndilo husahaulika. Jukwaa lisipoinuliwa vya kutosha, utalipa kiingilio uangalie migongo ya watu.