Kama sipapu inakushinda, anza na maski

Mimi sikujua kama naumwa ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, huu unaotibiwa kwa mashine ya hewa iitwayo sipapu. Anayejua ni yule anayelala pembeni yako, na kwangu ni mke wangu, usiku mmoja akanirekodi na simu halafu asubuhi akaniwekea nisikilize kabla hata sijanywa chai. Nakoroma, sauti inapanda, inapanda, mara kimya. Unasikia feni tu. Na yeye anahesabu kwa kunong'ona, sekunde 10, 20, ilipofika 27 nikavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeibuka kwenye maji. Kumbe alikuwa anahesabu hivyo kila usiku, mkono ameuweka kifuani kwangu.

Dalili nyingine zote nilidhani ni uchovu wa Dar, kuamka kichwa kinauma, kwenda chooni mara tatu usiku, presha haishuki na dawa nameza, kusinzia kwenye foleni ya Ubungo mpaka wa nyuma wapige honi. Nikaenda kupimwa, wakanivalisha kifaa nikalala nacho, klipu kidoleni, mkanda kifuani, mpira mdogo puani, majibu yakasema pumzi inakatika au kupungua mara 41 kwa saa. Ukivuka 30 wanasema ni kali.

Daktari alinieleza kwamba nikilala koo linalegea, linajiziba, ubongo unanishtua nivute hewa, halafu linajiziba tena, hivyo hivyo mpaka kunakucha. Sipapu (CPAP) inasukuma hewa puani ili njia isijifunge. Ni hewa hii hii ya chumbani, sio mtungi wa oksijeni, nasema hivi kwa sababu shangazi alipokuja akaiona pembeni ya kitanda alianza kulia akijua ndio nimefika mwisho. Aliyeianzisha ni daktari wa Australia, Colin Sullivan, mwaka 1980 huko Sydney, na mpaka leo kazi yake ni ile ile.

Sasa tuje kwenye maski, ile unayovaa usoni kupokea hewa ya mashine, maana hapa ndipo watu wanaachia njiani. Niliponunua mashine muuzaji alikuwa na saizi moja tu, akaniambia itakaa tu. Haikukaa. Hewa ikawa inapenya juu ya pua inapiga macho, naamka mekundu kama nimekata vitunguu, nikawa nakaza mikanda, nikikaza inavuja zaidi, na pua ikatoka kidonda. Wiki ya pili nikairudisha kwenye boksi. Nikakaa hivyo karibu miezi miwili, na mke wangu akarudi kuhesabu, hilo linaniuma mpaka leo.

Aliyeniokoa ni nesi mmoja, aliniambia maski haipimwi umekaa kwenye kiti. Lala chali, washa mashine, vaa, ivute kidogo kutoka usoni iachie ijae hewa halafu ndio ukaze mikanda, na ukaze kidogo tu, kidole kipite. Ikiendelea kuvuja basi saizi sio yako, badilisha, usiulazimishe uso. Ndevu nazo zinavujisha. Ukiamka mdomo mkavu kabisa ujue unafungua mdomo usingizini, hapo omba ile ya kufunika pua na mdomo. Na kuizoea, ivae mchana ukiwa unaangalia taarifa ya habari, nusu saa nusu saa, mwili uache kuiogopa. Mimi ilinichukua kama wiki tatu.

Maski ioshe kila siku kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, mafuta ya uso yakiganda mpira wake hauwezi kushika. Filta iangalie sana kama unakaa karibu na barabara ya vumbi. Kwenye tenki la unyevu, lile la maji ya kuipa hewa unyevu, weka maji yaliyotoneshwa (distilled), ya kuchemsha yanabaki na chumvi yake na utaona ukoko mweupe chini, halafu asubuhi mwaga yote uache likauke.

Mashine ya mtumba nakuomba uwe makini, kwanza nguvu ya hewa ya mwenzio imesetiwa kwa koo la mwenzio, daktari lazima akusetie upya, pili mwaka 2021 kuna kampuni kubwa iliita mamilioni ya mashine zake zirudishwe kwa sababu sponji ya ndani ilikuwa inamomonyoka, kwa hiyo kabla hujalipa tafuta namba ya mashine uikague kwenye tovuti ya waliotengeneza. Na usimeze dawa za usingizi bila kumwambia daktari, zinaweza kulegeza koo zaidi, pombe pia.

Umeme ukikatika mashine inazima na wewe unarudi kule kule. Mimi nina betri na inverta, na siku ya mgao nazima kile kipasha maji maana ndicho kinachokula chaji, upepo wenyewe hautumii sana. Siku ambayo betri imeisha nalala ubavu, nimeegemeza mto mgongoni nisigeuke chali, sio sawa na mashine ila ni nafuu.

Nikisafiri siiweki kwenye buti ya basi hata siku moja, naipakata. Na tenki namwaga kabisa kabla ya kutoka nyumbani, maji yakiingia kwenye mota imekufa.